Kitabu kwa mwanafunzi asiyeona: anza na daftari la mwalimu

Katika shule nyingi za Baraka na vijiji vya Fizi, mashariki mwa Kongo, kitabu cha mwanafunzi ni daftari lake, kaye kama tunavyoita. Mwalimu anaandika muhtasari ubaoni au anausoma taratibu, wanafunzi wananakili, na mwisho wa mwaka daftari hilo ndilo jiografia, ndilo biolojia, ndilo historia ya Kongo. Kitabu kilichochapishwa pengine kipo kimoja tu, nacho hulala ofisini kwa prefe, mkuu wa shule. Sasa mfikirie mtoto asiyeona, au anayeona ukungu tu, au ambaye mikono yake haishiki kalamu, au yule mwenye macho mazima ambaye herufi humchanganya kila akisoma. Huyo hana kitabu, na hata kile ambacho wenzake wote wamekitengeneza kwa mikono yao hana. Anabaki kutegemea masikio, kumbukumbu na huruma ya jirani yake wa dawati.

Ndiyo maana namshauri kila mwalimu, mzazi au direkteri anayetaka kumsaidia mtoto wa namna hiyo asisubiri mradi ulete tableti. Tableti bila maandishi ndani yake ni kioo tu. Anza na daftari la mwalimu, kwa sababu ndilo linalofundishwa na ndilo litakaloulizwa kwenye mtihani. Na kwa kuwa ni kazi ya mwalimu mwenyewe, hakuna ruhusa ya mtu yeyote wa mbali inayohitajika.

Kazi ya kwanza ni kupata maandishi ya kweli, na hapa wengi hupotea. Mtu anapiga picha kurasa za daftari na kuzituma kwa WhatsApp, au sekretaria (duka la kuchapa) inaskani kitabu na kutoa PDF, kila mmoja anaona kazi imekwisha. Kumbe kwa simu ile ni picha tu, sawa na picha ya harusi. Programu inayosoma skrini kwa kawaida itatamka kwamba hapa kuna picha, kisha itanyamaza. Kipimo chake ni rahisi: fungua faili, weka kidole juu ya neno moja na ubonyeze kidogo. Neno likijipaka rangi peke yake, hayo ni maandishi na simu itayasoma. Likikataa, ni picha. Fanya kipimo hicho mbele ya mtu wa sekretaria, kabla ya kulipa.

Njia ya uhakika ni kuandika upya kwa kompyuta au kwa simu, somo kwa somo, jinsi mwalimu anavyofundisha. Mwalimu mmoja akiachiwa daftari zima la mwaka atachoka wiki ya kwanza. Wakigawana wanafunzi watatu wa sekondari wanaojua kuchapa, kila mmoja somo lake, kazi inakwenda pamoja na darasa. Mwenye simu nzuri anaweza pia kusema badala ya kuandika, maana kibodi ya Google hupokea Kifaransa na hata Kiswahili. Ila lazima asome tena alichoandikiwa, hasa majina ya watu na ya mahali, kwa sababu hapo ndipo mashine hukosea zaidi.

Kwa karatasi zilizokwisha kuchapwa zamani, kuna programu za kugeuza picha kuwa maandishi. NAPS2 ni ya bure, huwekwa kwenye kompyuta ya Windows, inajua Kifaransa na Kiswahili, na ikishapakuliwa pamoja na lugha zake haihitaji mtandao. Picha ipigwe mchana, karibu na dirisha au nje kivulini, karatasi ikiwa imelala sawasawa na kivuli cha mkono kisiingie. Mwandiko wa kalamu programu hizi huusoma vibaya mno. Usipoteze muda wako huko, uandike upya.

Maandishi yakipatikana, yape mifupa. Mtu anayeona hufungua ukurasa na kuona mara moja wapi sura inaanza, kwa sababu kichwa kimeandikwa kwa herufi nene. Asiyeona hapati habari hiyo kwa unene wa herufi. Anaipata pale tu kichwa kilipowekewa mtindo wa kichwa ndani ya Word: Titre 1 kwa sura, Titre 2 kwa somo, Titre 3 kwa kifungu. Tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Katika faili lenye vichwa vya kweli mwanafunzi anaweza kuruka kutoka kichwa hadi kichwa, akafika kwenye somo la moyo na mishipa ya damu kwa sekunde chache. Faili lisilo navyo ni maneno yasiyokatika, na kila akitaka kitu cha katikati lazima asikilize tangu mwanzo. Huyo atakata tamaa, na watu watasema hapendi kusoma.

Shirika la DAISY, linaloshughulika na vitabu vya namna hii tangu 1996, linatoa bure programu ya WordToEPUB. Inachukua faili la Word lenye vichwa vizuri na kulifanya kitabu cha EPUB, chenye orodha ya yaliyomo inayofunguka. Kwenye kompyuta kitabu hicho husomwa kwa Thorium Reader, nayo ya bure. Kwenye simu kuna programu kama @Voice Aloud Reader. Lakini kama hayo yote yanakushinda kwa sasa, faili la Word lenye Titre 1 na Titre 2 linatosha kabisa kuanzia.

Kwa upande wa simu, Android ya kawaida inafaa, hata iliyopasuka kioo, mradi inasikia kidole. Simu nyingi za kwetu ziko kwa Kifaransa: ingia Paramètres, kisha Accessibilité, utaikuta TalkBack. Ukiiwasha, simu inatamka kila kinachoguswa, na namna ya kuishika inabadilika. Kidole kimoja kikiteleza kulia kinakwenda kwenye kitu kinachofuata. Kugonga mara mbili kunafungua. Kusogeza ukurasa kunataka vidole viwili. Asiyejua hayo hudhani simu imeharibika. Weka basi njia ya mkato ya vitufe vya sauti: ukivishikilia vyote viwili pamoja kwa sekunde 3, TalkBack inazimika au inawaka. Halafu teremsha mwanga wa skrini mpaka chini kabisa. Mtoto asiyeona hauhitaji, na kioo ndicho kinachokula betri. Mahali ambapo kuchaji ni kulipa kwenye kibanda cha sola, hilo ni suala la pesa za nyumbani.

Sauti yenyewe inataka uangalifu wa pekee kwetu, kwa sababu daftari la mtoto wa Fizi lina lugha mbili. Madarasa ya kwanza ya msingi hufundishwa kwa Kiswahili, kisha Kifaransa kinachukua nafasi. Simu ikiachiwa sauti ya Kifaransa peke yake, Kiswahili kinaharibika: "wote" inakuwa "wot", "ndege" inakuwa kitu kisichoeleweka, na kila "u" inabanwa midomoni. Sauti ya Kiswahili nayo ikisoma "ils mangent" itatamka kila herufi, mpaka ile ambayo Mfaransa haitamki. Mtoto anayejifunza Kifaransa kwa sauti hiyo anajifunza makosa. Pakua sauti zote mbili mapema, ukiwa kwenye mtandao mzuri. Google ina za Kifaransa na Kiswahili. eSpeak inazo pia. Sauti yake ni kavu kama ya mashine, lakini ni ndogo sana na haihitaji mtandao. Kwenye kompyuta, NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, huja na eSpeak ndani yake tayari. Kisha ndani ya Word chagua maneno ya Kifaransa na uyawekee lugha ya Kifaransa, ya Kiswahili nayo vivyo hivyo, ili programu inayojua kubadilisha sauti ibadilishe. Kama programu ya mtoto haibadilishi yenyewe, tenganisha: faili la Kifaransa mbali, la Kiswahili mbali.

Mtoto mwenye uoni hafifu hahitaji sauti tu. Mpe maandishi ya ukubwa wa 18 hadi 24, herufi zisizo na mapambo kama Arial, nafasi pana kati ya mistari, na umwache achague mwenyewe: nyeusi juu ya njano, au nyeupe juu ya nyeusi. Kila jicho lina lake. Yule anayechanganyikiwa na herufi husaidika sana akisikia sentensi huku simu inaipaka rangi inapoisoma.

Sasa nije kwenye michoro, maana hapo ndipo vitabu vingi vya aina hii huanguka, na ndipo mwalimu anaweza kufanya kazi ambayo mashine haiwezi. Chukua ramani ya Ziwa Tanganyika. Wengi wakiambiwa waeleze picha huandika "Ramani ya Ziwa Tanganyika", basi. Mtoto amepata nini? Hana zaidi ya jina alilokwisha kulijua tangu akinyonya. Maelezo yanayofundisha yangekuwa hivi: "Ziwa ni refu na jembamba, limelala kutoka kaskazini kwenda kusini, urefu wake ni karibu kilomita 670. Karibu upande wote wa magharibi ni Kongo. Mashariki, sehemu ya juu ni Burundi na chini yake ni Tanzania. Kusini kabisa ni Zambia. Uvira iko kwenye ncha ya kaskazini, upande wa Kongo. Ukishuka kutoka Uvira kwa kufuata pwani unafika Baraka, kando ya ghuba. Ng'ambo ya ghuba hiyo, mashariki, rasi ya Ubwari imejitokeza ndani ya ziwa kama kidole." Umetumia sentensi chache, na mtoto ameshika ziwa zima kichwani. Anza na umbo la jumla, kisha pande zake, kisha vitu vidogo. Acha rangi, isipokuwa rangi yenyewe ndiyo somo. Na usieleze kila kitu kilichochorwa. Eleza kile ambacho mwalimu atakiuliza.

Ramani hiyohiyo inaweza pia kushikwa. Chukua kipande cha karatasi ngumu ya katoni, chora pwani kwa penseli, paka gundi, ulaze juu yake uzi wa nyavu. Funga fundo dogo mahali pa Uvira, jingine Baraka, jingine Kigoma upande wa pili. Mpaka wa nchi uwe uzi mwembamba zaidi, ili vidole visichanganye mpaka na maji. Iache ikauke mpaka kesho yake. Pembetatu, duara, mhimili wa hesabu na mchoro wa figo hutengenezwa kwa njia ileile, na uzi kwetu pwani haukosekani.

Hesabu ziandikwe kwa maneno pale alama zinapoleta utata. Kipeo kidogo juu ya herufi sauti nyingi hukimeza, na mtoto akasikia "x 2" asijue kama ni mara mbili au kipeo cha pili. Andika "x au carré". Sehemu yenye mstari katikati iandikwe "3 sur 4", na mabano yatajwe yanapofunguliwa na yanapofungwa. Jedwali lenye safu nyingi livunje liwe sentensi: kila mstari wa jedwali mstari mmoja wa maneno, jina la safu likirudiwa kila mara. Inachosha kuandika, lakini kusikiliza tarakimu ishirini zisizo na majina kunachosha zaidi.

Kuna wasio na simu kabisa, na kuna masomo yaliyo kwa Kibembe, ambacho sauti hizi za mashine hazinacho. Kwao rekodi sauti ya mtu. Redio ndogo zinazopokea kadi ya kumbukumbu zinauzwa sokoni, vitufe vyake vinapapasika, na mtoto wa darasa la tatu anajifunza kuzitumia siku hiyohiyo. Msomaji akae chumba chenye nguo au mablanketi, mbali na kinu na redio ya jirani. Na msimu wa mvua arekodi asubuhi kabla mabati hayajaanza kupiga kelele. Faili moja liwe somo moja, si zaidi. Majina yaanze na tarakimu, 01, 02, 03, la sivyo redio itayacheza bila mpango. Kila faili lianze kwa kutaja somo na namba yake, na msomaji asome kwa mwendo wa mwalimu anayesomesha darasa, si mwendo wa habari za redio. Rekodi ya MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde hula takriban megabaiti 29 kwa saa, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 32 inabeba zaidi ya saa 1,000. Maandishi matupu ni mepesi zaidi: daftari la kurasa 200 halifiki hata megabaiti 1, linapita kwa Bluetooth kabla hujamaliza kusalimiana.

Wepesi huo kwetu ni jambo zito. Tangu vita vya 1996 na 1998 familia za Fizi zimejua kufunga mizigo usiku. Wengi walivuka ziwa hadi kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na kuanzia 2015 sisi pia tumewapokea ndugu wa Burundi kambini Lusenda. Kitabu kimoja cha nukta nundu (braille) huwa majuzuu kadhaa mazito, na mkimbizi hawezi kuyabeba pamoja na mtoto na sufuria. Kadi ya kumbukumbu inashonwa kwenye pindo la nguo. Tengeneza kila mara nakala tatu: moja ya mtoto, moja ya shule, ya tatu kwa ndugu anayeishi mji mwingine.

Hata hivyo usiiache nukta nundu kama kuna wa kuifundisha. Mtoto anayesikia tu miaka yote hajui maneno yanaandikwaje, na Kifaransa ni lugha ambayo masikio peke yake hayatoshi kuiandika. Hata bila nukta nundu, mfundishe kusogea herufi kwa herufi ndani ya TalkBack, na kuchapa kwenye kibodi bila kuangalia. Kila neno jipya la somo alitamke, alisikie likitajwa herufi moja moja, kisha aliandike. Bila hilo atafika darasa la sita akiwa na akili nzuri na mwandiko wa darasa la pili.

Vitabu vilivyochapishwa vina sheria yake. Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa 27 Juni 2013 na kuanza kutumika 30 Septemba 2016, uliandikwa ili nakala za wasioweza kusoma chapa ya kawaida zitengenezwe bila kumwomba mwenye haki kila mara, na zivuke mipaka kati ya nchi wanachama. Kenya na jirani zetu Uganda na Tanzania wamo. Kwa shule yetu njia fupi zaidi ni prefe kumwandikia mchapishaji na kuomba faili lenyewe, kwa ajili ya mwanafunzi anayetajwa. Faili lisitupwe kwenye makundi ya WhatsApp. Kuna pia vilivyo huru: hadithi za African Storybook zipo kwa Kiswahili na Kifaransa, na programu ya Kiwix inabeba Wikipedia ya Kiswahili, na Vikidia ya Kifaransa iliyoandikwa kwa watoto, zote zikisomeka bila mtandao. Mtu anayekwenda Bukavu au Kigoma aombwe azipakue huko na kurudi nazo kwenye kadi.

Mtihani nao usisubiriwe. Sheria ya 3 Mei 2022, namba 22/003, inalinda haki za watu wenye ulemavu Kongo, na elimu imo. Mzazi aende nayo kwa prefe mwanzoni mwa mwaka, prefe aandike kwa inspekta akitaja mtoto anahitaji nini: msomaji, mwandishi, muda zaidi, au karatasi ya herufi kubwa. Barua ya Septemba hujibiwa. Ya wiki ya mtihani hupotea. Na kwa anayejiandaa kwa mtihani wa taifa, daftari la itemu, yaani maswali, za miaka iliyopita ndilo lichapwe mapema kuliko yote: swali kwenye mstari wake, kila jibu la kuchagua kwenye mstari wake na namba yake, majibu sahihi kwenye faili jingine.

Kila faili likikamilika, mwache mtoto mwenyewe alijaribu. Kaa kando, usimsaidie, mwambie atafute somo fulani na ajibu swali moja. Pale atakapokwama ndipo pa kurekebisha, hata kama wewe unaona pako sawa.

Mwalimu unayesoma haya, kama una mtoto wa namna hii darasani, kabla hujaliandika somo la kesho ubaoni, liandike kwanza ndani ya simu yako. Asubuhi mpe.